Mikono ya Ridhaa

Mhadhara uliotolewa Dar es Salaam, kwenye maonyesho ya kazi za vyuma chakavu na makorokoro

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Nimefurahi kuona wengi wenu mmeanzia uwani kutazama kazi kabla ya kuingia humu kusikiliza maneno. Yule jogoo wa plagi za pikipiki na cheni za baiskeli nimemkuta amezungukwa na watu, na mtoto mmoja alikuwa anamhesabia mama yake plagi za mkiani.

Jogoo huyo ana habari yake, na habari hiyo ndiyo iliyonileta hapa. Miezi michache iliyopita alipelekwa kwenye maonyesho mengine. Sitasema wapi. Kijana aliyemuunda ni msaidizi wa fundi wa kuchomelea, ana miaka 19, shule aliishia darasa la saba, na ile ilikuwa mara yake ya kwanza kuweka kazi yake mbele za watu. Akaja mtu mwenye elimu ya sanaa, mtu anayesikilizwa, akapewa kipaza sauti aseme machache juu ya kazi zilizokuwapo. Alipofika kwa jogoo akasema: "Hii ipelekwe kwenye mizani, iuzwe kwa kilo." Ukumbi ukacheka. Kijana akamfunga jogoo wake kwenye gunia, akaondoka hata chakula hakijaletwa.

Mimi nilikuwapo. Sikucheka, lakini sikusema kitu, na kunyamaza kule kumenikaa kooni hadi leo. Kwa hiyo leo nitasema.

Nianze na neno. Katika michezo tunazo ngumi za kulipwa na ngumi za ridhaa. Aliyetuchagulia neno hilo la pili alituchagulia vizuri. Ridhaa ni kukubali kwa moyo, bila kushurutishwa na mtu. Bondia wa ridhaa haitwi bondia nusu, wala bondia bandia. Jina lake linasema kwamba amepanda ulingoni kwa sababu ametaka mwenyewe. Sasa tazameni upande wa sanaa. Mtu anayechonga au kuchomelea au kuchora bila kusomea na bila kulipwa tunamwitaje? Msanii uchwara. Mbabaishaji. Kwenye ngumi tumempa mtu wa namna hiyo heshima ya neno zuri, kwenye sanaa tumempa tusi. Mimi naomba tuazime neno la ulingoni. Tumwite msanii wa ridhaa, na tuone kama hatutaanza kumtazama kwa jicho jingine.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, Los Angeles, Marekani, mtaa unaoitwa Watts. Mwaka 1921 mhamiaji mmoja kutoka Italia, Sabato Rodia, wengine wakimwita Simon, alinunua kiwanja chenye umbo la pembetatu kandokando ya reli. Alikuwa kibarua wa ujenzi, mtu wa sementi na vigae. Hakuwa amesoma sanaa wala uhandisi. Mchana alikwenda kazini, jioni na siku za mapumziko alijenga. Hakuna aliyemtuma, hakuna aliyemlipa. Alijenga hivyo kwa miaka 33.

Alijenga nini? Minara. Mrefu kuliko yote una mita 30 hivi, na kuuzunguka kuna mingine, na kuta, na matao, jumla yake miundo 17. Mifupa yake ni vyuma alivyovipinda kwa kuvibana kwenye reli ile ile ya treni. Hakuchomelea, hakutumia bolti. Alifunga vyuma kwa waya na wavu, akasiliba kwa sementi, na kabla sementi haijakauka akapachika alichookota: vipande vya sahani, vigae vilivyovunjika, makombe ya baharini, chupa za kijani za soda, chupa za buluu za dawa ya tumbo. Hakuwa na jukwaa la mafundi la kusimamia. Alipanda juu ya mnara wenyewe, amejifunga mkanda kama wa wasafisha madirisha, amebeba sementi kwenye ndoo.

Majirani waligawanyika. Watoto wengine walimletea vyombo vilivyovunjika, wengine walimrushia mawe. Wakati wa vita kuu ya pili ukazuka uvumi kwamba minara ile inatuma habari kwa adui. Mwaka 1954 akachoka, akamwachia jirani kiwanja, akahamia mji mwingine, hakurudi kuitazama kazi yake tena. Muda si mrefu nyumba yake ikaungua, na wakuu wa jiji wakatoa amri: minara ibomolewe, ni hatari kwa umma.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Vijana wawili wa mambo ya filamu, William Cartwright na Nicholas King, walikinunua kiwanja kile kwa dola 3,000, wakaikataa amri. Mabishano yakawa makali. Mwisho mhandisi mmoja wa mambo ya ndege, Bud Goldstone, akapendekeza njia: mnara upimwe. Tarehe 10 Oktoba 1959, mbele ya watu na waandishi wa habari, mnara ukafungwa kwenye mtambo na kuvutwa kwa nguvu ya ratili 10,000, yaani zaidi ya kilo 4,500. Makubaliano yalikuwa wazi. Ukianguka, umeanguka. Mnara haukuanguka. Kilichoanza kupinda ni chuma cha mtambo wenyewe. Jaribio likasimamishwa, amri ikafutwa, na mwaka 1990 minara ikaingizwa katika orodha ya alama za kihistoria za taifa la Marekani. Rodia alipoulizwa kwa nini aliijenga alijibu kwamba alitaka kufanya kitu kikubwa, na akakifanya.

Naipenda sana siku ile ya Oktoba, na sababu si kwamba mnyonge alishinda. Naipenda kwa kuwa ule mtambo ndiyo mhakiki mkali ninayemheshimu. Haukuuliza Rodia alisoma wapi. Haukuuliza kama chupa ya dawa ya tumbo inastahili kuwekwa ukutani. Ulikwenda hadi kwenye kazi, ukaishika, ukaivuta kwa nguvu zote. Ungeweza kuiangusha, na ingeanguka kwa haki.

Sasa mlinganishe na yule bwana wa kilo. Kusema kitu kipimwe kwenye mizani si ukali, ndugu zangu. Ni kutotazama. Angemtazama yule jogoo angeona mambo. Angeona kwamba mguu wa kushoto umechomelewa juujuu, na mkia ni mzito, kwa hiyo upepo ukija anaegemea nyuma. Angeona pia shingo. Kijana alichukua cheni ya baiskeli, akaichomelea pingili kwa pingili, kila pingili imegeuka kidogo kuliko mwenzake, hadi ile shingo ikawa na mzunguko wa jogoo anayejiandaa kuwika. Cheni ni kitu kilichoundwa kipinde mbele na nyuma tu, si kando. Kuifanya ijizungushe vile ni kazi ya jicho na ya subira ya siku nyingi. Mhakiki angeyasema yote hayo, mguu na shingo, kijana angekwenda nyumbani ameumia na ameelimika. Alikwenda ameumia tu.

Kuna jambo la pili kuhusu Watts. Miaka sita baada ya jaribio lile, Agosti 1965, mtaa uliwaka moto. Ghasia za siku sita, watu 34 wakafa, maduka yakateketea. Jirani kabisa na minara kulikuwa na kituo cha sanaa, na mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Noah Purifoy, Mmarekani mweusi, tena mwenye shule ya sanaa. Yeye na mwenzake Judson Powell waliingia kwenye majivu wakakusanya tani tatu za mabaki: mbao zilizoungua, vyuma vilivyopinda, na vioo vya taa za madukani vilivyoyeyuka na kuganda kama machozi. Kutokana na mabaki hayo, wakishirikiana na wasanii wengine, waliandaa maonyesho ya kazi 66 mwaka 1966. Mtu huyu msomi alikuwa akifanya kazi kivulini mwa minara ya kibarua. Hakuona aibu kuokota.

Turudi nyumbani. Mwaka 1932, Tunduru, alizaliwa Edward Saidi Tingatinga. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, akaja hapa Dar es Salaam, akafanya vibarua vya bustani na kazi za nyumbani. Mnamo mwaka 1968 akaanza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za mafuta za wasanii wa Ulaya. Alichukua vipande vya hadibodi na rangi ya kupaka baiskeli, ile inayong'aa, akachora chui, ndege, miti. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Picha zake zikauzwa Oysterbay, nje ya duka la Morogoro Stores, zimetandazwa kwenye kivuli cha mti.

Aliishi na sanaa hiyo miaka minne tu. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne! Na katika miaka hiyo michache alikwishawafundisha ndugu na marafiki, watu kama Simon Mpata, January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia, nao wakafundisha wengine, hadi mwaka 1990 wakawa na ushirika wenye jina lake. Kwa miongo yote hiyo, wapo waliosema hii si sanaa, ni bidhaa ya watalii, sanaa ya uwanja wa ndege. Nami nakiri kwamba zipo Tingatinga zilizochorwa kwa haraka, pundamilia wale wale mia moja. Hilo ni kweli na lisemwe. Lakini leo dunia ikiulizwa ni mtindo gani wa uchoraji ulizaliwa Tanzania, jina linalotajwa kwanza ni la kibarua yule wa rangi ya baiskeli.

Kinshasa nako kulikuwa na Bodys Isek Kingelez, aliyekuwa mwalimu wa shule. Alijenga miji mizima kwa karatasi, maboksi, vifuniko vya chupa na pakiti za bidhaa, majengo ya rangi yenye minara na viwanja vya wazi, miji ambayo haipo popote. Alipopeleka kazi yake makumbusho ya taifa, hawakuamini kwamba ni yake. Walidhani ameiiba. Ikabidi aunde nyingine ili waamini. Fikirieni dharau iliyomo mle: mtu kama huyu hawezi kuwa na mikono kama hii. Mwaka 1989 kazi zake zilikuwa Paris, na mwaka 2018, miaka mitatu baada ya kifo chake, jumba la sanaa za kisasa la New York, MoMA, likamfanyia maonyesho makubwa peke yake.

Naona mzee pale mbele anatikisa kichwa, na nadhani namwelewa. Anataka kuniambia kwamba ninataja waliofanikiwa tu. Ni kweli, mzee wangu, na ndiyo maana sitaki utetezi wangu ukae juu yao. Nikisema tuwavumilie wasanii wa ridhaa kwa kuwa huenda mmoja wao akawa Tingatinga, nitakuwa nimewatetea kama mtu anayetetea tiketi za bahati nasibu. Wengi hawatakuwa Tingatinga. Wengi watatengeneza ua la vifuniko vya soda, waliweke juu ya televisheni, basi. Mimi nawatetea hao pia. Nawatetea hasa hao.

Tumekulia kwenye mikono ya namna hiyo. Kibatari kilichotusomesha usiku kilikuwa kopo la mtu fulani, limetobolewa na kupachikwa utambi. Gari la waya tulilosukuma kutoka kisimani hadi nyumbani lilikuwa na magurudumu ya ndala iliyokatwa. Chandimu tulicheza kwa mpira wa makaratasi na matambara. Mtoto hakuwahi kuomba kibali cha kuunda gari lile, na hakuna aliyemwuliza kama gari lake lina mtazamo mpya. Aliliunda kwa sababu alitaka gari. Nairobi, Cyrus Kabiru alitaka miwani, baba yake akakataa kumnunulia, akamwambia kama unaitaka jitengenezee. Nyumba yao ilitazamana na dampo. Akajitengenezea, kwa waya na vijiko na vizibo, na bado anatengeneza, sasa miwani yake inaonyeshwa duniani. Angekuwa hakufika huko, ile ya kwanza ingekuwa halali vile vile. Na Lamu mafundi wameunda jahazi kwa plastiki iliyookotwa, tani kumi hivi, ubavuni limevishwa ndala zipatazo 30,000 za kila rangi, na mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja. Wanaosema ukiona vyaelea vimeundwa, jahazi la ndala hilo hapo, linaelea.

Nije kwenye uhuru, kwa kuwa watu wengi hudhani hili ni suala la ladha tu. Katiba yetu, ibara ya 18, inasema kila mtu anao uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Kila mtu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekwenda mbele zaidi. Ibara ya 33 inautaja kwa jina uhuru wa ubunifu wa kisanaa, kisha inaorodhesha yasiyolindwa: propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki na uenezaji wa chuki. Nimeisoma orodha hiyo mara nyingi. Ubaya wa kazi haumo. Hakuna palipoandikwa kwamba uhuru huu unakoma pale rangi zinapogongana au mguu wa jogoo unapolegea. Maana yake mtu anayo haki ya kufanya kazi mbaya, hadharani, na kesho kufanya nyingine. Bila haki hiyo, sioni mtu angejifunzaje kufanya nzuri.

Na haki hiyo hiyo anayo mhakiki. Sitaki anyamazishwe. Ana uhuru wa kusema kazi ni dhaifu, ni ya kuiga, haijaiva. Akisema hivyo kwa ukali, na aseme, wasanii wana ngozi. Ninachopinga ni pale anapotumia kipaza sauti chake kufunga mlango, akamwambia mwenzake hukustahili hata kujaribu. Hapo hajatumia uhuru wake wa kujieleza. Amejaribu kuutwaa wa mwenzake.

Watasema: na viwango je? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo nimeisikia mara nyingi ikitupwa kwa vijana. Lakini chungu kizuri nacho kilitembezwa siku ya kwanza, kabla mtu hajajua kwamba hakivuji. Sijawahi kuona kiwango kilichopanda kwa kuwafukuza wanaoanza.

Nina jambo jingine zito zaidi. Neno taka lina tabia ya kuruka kutoka kwenye kitu likamwangukia mtu. Nenda Pugu Kinyamwezi, dampo letu, uwatazame waokota makopo wanavyoanza kazi alfajiri. Hao ndio wanaojua plastiki ipi ni ngumu, shaba iko ndani ya waya gani, aluminiamu inalia vipi ukiigonga. Ujuzi huo wa kugusa ndio unaotangulia sanaa ya makorokoro. Kijana wa jogoo anaukusanya gereji, wao wanaukusanya dampo. Unaposimama mbele ya kazi yao na kusema "hizi ni taka", wanasikia kitu kingine kabisa, kwa sababu wamekwishaambiwa hivyo wao wenyewe, barabarani, kwenye daladala, shuleni kwa watoto wao. Mhakiki hana ruhusa ya kujifanya hajui hilo.

Kwa wasanii nina machache. Msichome nyaya na plastiki ili kupata shaba, ule moshi ni sumu, nanyi mnauvuta na watoto wanauvuta. Betri za gari msizipasue. Kingine, msikimbilie huruma. Mtu akikuambia kazi yako ina kasoro, usimjibu kwamba hukwenda shule. Muulize kasoro iko wapi. Akikuonyesha, umepata mwalimu wa bure. Akishindwa kukuonyesha, endelea na kazi yako.

Na kwa wahakiki waliomo humu, nami najua wamo, ombi langu ni dogo. Kabla ya kusema, izungukeni kazi. Ishikeni kama mwenyewe ameruhusu. Muulizeni alianzia wapi, kipande gani kilimsumbua. Mkiona imeshindwa, semeni imeshindwa, na semeni mahali iliposhindwa.

Wiki iliyopita nilikwenda gereji kumwomba yule kijana amtoe jogoo wake kwenye gunia. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nikamwambia wazi kwamba mguu wa kushoto haufai, na kwamba sijawahi kuona shingo ya cheni kama ile. Akanyamaza, akainama kuutazama mguu. Leo amemleta, na amekuja na mashine yake ya kuchomelea, iko nje kwa fundi umeme anaitafutia waya mrefu. Anasema mguu ataufanya hapa hapa, mbele yenu. Tokeni polepole, wazee watangulie, na msiuangalie moto kwa macho matupu.